Mwongozo kamili: jinsi ya kukamata tangazo la uongo la gari ya zamani kabla hujatuma kishika uchumba

Wakuu habari za saa hizi. Naandika hii kwa sababu nimechoka kupokea meseji ya aina moja: "kaka nimeshatuma laki nane ya kishika uchumba na sasa namba haipatikani". Mmoja alikuwa anafukuzia Landrover 109, mwingine Benzi ya W123 (ile Mercedes ya miaka ya 70 na 80), mwingine Beetle ya Volkswagen. Watu wenye akili zao, wengine wamenunua gari za kawaida mara tatu nne bila shida.

Wote wamefeli sehemu ileile. Wameangalia picha, wakaangalia bei, moyo ukakubali, hela ikaenda. Hakuna hata mmoja aliyekaa chini kuuliza hivi maelezo ya hili tangazo yanashikana?

Tangazo la uongo linaungwa kwa viraka. Picha zimetoka kwa mtu, maelezo kwa mtu mwingine, namba ya chasisi kwa mwingine, na sauti ya kwenye simu ni ya mtu ambaye gari yenyewe hajawahi kuigusa. Gari za zamani zina faida moja kubwa, kila mwaka una alama zake, na tapeli hazijui hizo alama zake. Kazi yako ni kutafuta pale viraka vinapoachana.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye bando na nafasi ya kuhifadhi picha, na Google Lens. Ongeza na TinEye kupitia brauza. Zote mbili zinakutafutia picha hiyo imetokea wapi kwingine mtandaoni.
- Daftari. Usitegemee kichwa, ukishaongea na wauzaji watano unachanganya nani alisema nini.
- Mtu mmoja unayemwamini kwenye mkoa gari ilipo, fundi akipatikana ni vizuri zaidi.
- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, na tochi.
- Hela ya gari iwe benki, isikae kwenye simu. Hela ikiwa kwenye simu mkono unakuwa mwepesi, muuzaji akisema "kuna mtu yuko njiani anakuja kuichukua" unajikuta umeshabonyeza.

Jipe siku tatu kuanzia siku uliyoliona tangazo. Kama muuzaji hawezi kusubiri siku tatu kwa gari yenye miaka hamsini, hiyo peke yake iandike kwenye daftari.

## Hatua ya 1: Hifadhi tangazo zima kabla hujaongea na mtu

Piga skrinishoti ya kila kitu: picha zote, bei, maelezo, jina la akaunti, tarehe, namba ya simu, mpaka komenti za chini.

Sababu ni kwamba ukishaanza kuuliza maswali magumu tangazo linabadilishwa. Leo "Beetle ya 1966", ukiuliza kidogo kesho inakuwa "1968, nilikosea". Bila skrinishoti huna pa kumshikia.

Umefanikiwa kama tangazo likifutwa usiku huu na wewe bado unalo lote.

## Hatua ya 2: Bei, lakini usiishie hapo

Tafuta matangazo kama kumi ya gari hiyohiyo, hali inayofanana, andika bei zote. Ukiona moja iko nusu ya zenzake na picha zinang'aa kuliko zote, weka alama.

Ila tahadhari, matapeli wa siku hizi wameshajua kwamba bei ya chini sana inashtua watu, wanaweka bei ya kawaida kabisa afu wanakuvuta kwa "punguzo la leo tu". Kwa hiyo bei nzuri isikutoe wasiwasi. Endelea na hatua zingine.

## Hatua ya 3: Zihoji picha moja moja

Pitisha kila picha kwenye Google Lens, sio ile ya kwanza tu. Tapeli anabadilisha ya kwanza, zile za ndani kama dashibodi na injini anaziacha kama alivyozikuta. Hizo ndizo zinamuumbua.

Ukikosa, igeuze picha kushoto kulia kwa programu yoyote ya kuhariri, itafute tena. Kugeuza picha ni ujanja wa siku nyingi wa kukwepa utafutaji, na kuna sababu ya pili: gari za Marekani na Ulaya bara zina usukani kushoto, akiigeuza picha usukani unakuja kulia, inaonekana kama gari ya kwetu.

Sasa hapa jifunze kitu kimoja cha kushika. Benzi W123 ina kifuniko cha tangi la mafuta upande wa kulia nyuma, usukani uwe kulia au kushoto. Ukiona picha ya W123 usukani uko kulia na kifuniko cha mafuta kiko kushoto, hiyo picha imegeuzwa. Umemaliza kazi kwa sekunde tano. Angalia na maandishi pia, namba za gari na tarakimu za spidi mita, kama zimefichwa kwa ukungu uliza kwa nini.

Vitu vingine vya kutazama kwenye picha:

Taa ndogo za pembeni, kwenye mbavu za gari mbele na nyuma. Marekani walizilazimisha kuanzia gari za 1968, kwa hiyo ukiziona pamoja na spidi mita ya maili, gari hiyo imetengenezwa kwa soko la Marekani. Inaweza kuwa imefika Tanga kihalali, lakini muuzaji anayesema "ilinunuliwa mpya Dar na babu yangu" ana maswali ya kujibu.

Namba za rangi nyeupe mbele na njano nyuma zisikudanganye kwamba ni Kenya, Uingereza nao wanatumia hivyohivyo. Soma mpangilio wa herufi usiangalie rangi.

Na mazingira. Mmoja wa hao walionitafuta alionyeshwa Landrover iliyopo Moshi. Picha ilikuwa nzuri sana, gari imeegeshwa pembeni ya ukuta wa mawe. Nilivyoikuza nikaona chini ya tairi ya nyuma kuna majani makavu mapana ya rangi ya chungwa yamelala kwa wingi kama zulia, na ndani ya gari kuna mtu kavaa koti zito na skafu. Moshi kuna baridi mwezi wa saba ndio, lakini majani yale ni ya Ulaya vuli. Ilikuwa pale kwenye picha muda wote, jamaa anaitazama kila siku kabla ya kulala.

Umefanikiwa kama kila picha ina jibu: ama haipo kwingine kokote, ama ipo kwenye tangazo la muuzaji huyohuyo. Picha moja ikikutwa nchi nyingine, achana na hilo tangazo lote. Usimpe nafasi ya kujieleza, maana maelezo anayo tayari.

## Hatua ya 4: Mwaka, umbo na namba ya chasisi vikubaliane

Hii ndio hatua watu wanairuka na ndio yenye nguvu kuliko zote, kwa hiyo hapa tulia.

Muombe muuzaji picha ya namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati, sio aliyoichapa kwenye WhatsApp. Afu uilinganishe na anachosema.

Beetle. Namba iko chini ya siti ya nyuma, imegongwa kwenye mgongo wa katikati wa sakafu. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu mbili za kwanza, 11, zinasema ni Beetle, ya tatu inasema mwaka. 115 ni modeli ya 1965, 116 ni 1966, 118 ni 1968. Kuanzia modeli ya 1970 namba inakuwa na tarakimu kumi na ya nne yake ni 2. Kwa hiyo mtu akikwambia "ya 1966" afu namba inaanza na 118, ama anadanganya ama haijui gari yake. Ongeza na macho: 1966 taa za mbele zimelala kufuata mbawa na zina kioo cha kuzifunika, modeli nyingi za 1968 zimesimama wima na bampa ni nene zaidi.

Kumbuka modeli ya mwaka ilikuwa inaanza mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia, kwa hiyo gari iliyotoka kiwandani Oktoba 1967 ni modeli ya 1968. Tofauti ya mwaka mmoja kwenye karatasi usimhukumu mtu.

Benzi W123. Zilianza kuuzwa 1976 na za mwisho zilitoka mapema 1986. Tangazo la "W123 ya 1990" limeshajifukuza lenyewe. Namba ya chasisi ina 123 ndani yake, nyingi zinaanza WDB123, na tarakimu tatu zinazofuata ndizo zinataja aina: 123123 ni 240D, 123130 ni 300D, 123223 ni 230E, 123033 ni 280E. Watu wanabandika nembo ya 280E kwenye buti la 240D kila siku, nembo ni ya dukani, namba haibandikwi. Tarakimu inayofuata baada ya hizo sita inasema usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Yaani WDB123123 ikifuatiwa na 1, wakati picha inaonyesha usukani kulia, basi namba na picha ni gari mbili tofauti.

Landrover. Series I ni 1948 mpaka 1958, Series II 1958 mpaka 1961, IIA 1961 mpaka 1971, Series III 1971 mpaka 1985, na jina Defender limekuja 1990. Series II na IIA mita zake ziko katikati ya dashibodi, Series III ziko mbele ya dereva na grili yake ni ya plastiki. Tangazo la "Series II ya 1960" lenye mita mbele ya dereva sio la 1960, au kuna mtu kaunga gari mbili. Namba ya chasisi itafute mbele kulia, kwenye fremu pale springi ya mbele inaposhikiliwa, mara nyingi imejaa tope na rangi mpaka uisugue na brashi ya waya. Kibati cha ndani kinafungwa kwa rivet na kinahamishika, cha kwenye fremu ndio cha kuaminika zaidi.

Kwa gari yoyote: namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 imekuwa ya kawaida kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80. Ukitumiwa namba ya 17 kwa gari "ya 1967", hiyo imetoka kwenye gari nyingine. Na namba za aina hiyo hazina herufi I, O wala Q. Ukiziona ujue mtu katunga.

Onyo: usikimbilie kuita mtu tapeli kwa sababu injini sio ya asili. Gari zetu zimebadilishwa injini miaka yote, Landrover yenye injini ya Toyota ni kitu cha kawaida kabisa huku. Cha muhimu aliyeibadilisha aseme, na kadi iseme.

Umefanikiwa kama mwaka, umbo la kwenye picha na namba vinasema kitu kimoja.

## Hatua ya 5: Mchunguze muuzaji

Facebook kwenye kurasa kuna sehemu ya uwazi inayoonyesha ukurasa ulifunguliwa lini na umewahi kuitwa majina gani. Ukurasa wa "magari ya kale" ambao mwaka jana ulikuwa unauza mawigi, uache. Instagram nayo inaonyesha akaunti ilifunguliwa lini.

Kwa Tanzania anza kama unamtumia hela kidogo kwenye namba yake, jina la mwenye laini litatokea kabla muamala haujakamilika, lisome kisha sitisha. Kama anajiita jina la kiume na laini ni ya mwanamke, muulize kwa utulivu, anaweza kuwa na jibu la kweli. Liandike tu.

Hadithi za kukimbia nazo: gari iko bandarini imebaki ushuru tu, mwenye gari ni mzungu wa mradi anaondoka wiki hii, mwenye gari ni mwanajeshi yuko nje, gari itakuja kwa kampuni ya usafirishaji na hela inashikwa na "mtu wa kati" ambaye tovuti yake ametuma yeye muuzaji. Zote hizi zimejengwa kukuzuia kitu kimoja tu, usiione gari kabla ya kulipa.

## Hatua ya 6: Vidio ya leo

Muombe vidio mpya, sio ya kwenye galari. Mwambie aandike tarehe ya leo na jina lako kwenye karatasi, aiweke juu ya dashibodi, aanze kurekodi bila kukata: namba ya gari mbele, azunguke gari nzima, karatasi, namba ya chasisi iliyogongwa, afu awashe injini ikiwa ya baridi.

Vidio koli ni bora zaidi kwa sababu unamwelekeza wewe. "Rudi nyuma kidogo, fungua buti, inua kapeti." Mtu mwenye gari anasogea tu, hata akinung'unika. Asiye nayo ghafla mtandao unakuwa mbovu, kamera imevunjika, gari iko kwa mjomba.

Injini ya baridi ina maana yake. Dizeli ya zamani yenye shida ya kuwaka, shida hiyo inafichwa kwa kuipasha moto kabla mnunuzi hajaja.

## Hatua ya 7: Karatasi

Tanzania omba picha ya kadi ya gari pande zote, afu nenda nayo TRA kuthibitisha jina la mmiliki, namba ya chasisi na ya injini. Kenya tafuta rekodi ya gari kupitia huduma za NTSA (mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani) kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ni hela ndogo sana, utaona mmiliki ni nani na kama gari imewekwa dhamana ya mkopo. Kenya pia kumbuka namba za mfumo wa KAA na herufi ya mwisho zilianza 1989, kwa hiyo gari inayosemwa iko Nairobi na mwenyewe yuleyule tangu 1974 ungetegemea iwe na namba fupi za zamani. Ikiwa na namba mpya, kuna hadithi katikati na unastahili kuisikia.

Sasa mirathi. Hapa wanaumia hata watu waangalifu. Gari nyingi za zamani ziko kwenye jina la mzee aliyeshafariki, na anayekuuzia ni mtoto wake, gari ipo kweli, funguo zipo, anakupokea vizuri mpaka chai unakunywa. Lakini bila barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi hana mamlaka ya kuuza, wiki mbili baadaye anatokea dada yake na mdogo wake wanaitaka gari ya baba yao, na wana haki. Omba hiyo barua, omba kuongea na msimamizi mwenyewe, na ndugu wengine wajue. Ukijibiwa "hilo ni la kifamilia usijali", kataa kwa heshima.

Kama gari iko Uingereza: kwenye tovuti ya serikali yao unaingiza namba ya gari bure na kuona aina, rangi, mwaka na historia ya MOT, yaani ukaguzi wao wa lazima wa ubora wa gari, tangu 2005. Rangi isipofanana na picha uliza. Gari iliyovuka miaka 40 kwa kawaida imesamehewa MOT tangu 2018, kwa hiyo kukosa ukaguzi wa karibuni sio kosa. Kenya kuna kikomo cha miaka 8 kwa gari zinazoagizwa, na Tanzania gari kuukuu zina ushuru wa ziada, kwa hiyo anayekwambia "nakufikishia Mombasa hamna shida" mwambie akuonyeshe kwa maandishi gari hiyo inaingia kwa utaratibu gani. Uthibitishe mwenyewe KRA au TRA kwanza.

## Hatua ya 8: Nenda, gusa, ndipo ulipe

Kama huwezi kwenda, yule mtu wako wa mkoani aende. Mchana, nyumbani au gereji ya muuzaji, sio pembeni ya barabara.

Apite na sumaku kwenye bodi ya Beetle au Benzi, mahali isiposhika kuna pati nene chini ya rangi. Landrover usitumie sumaku kwenye mbawa na milango ukasema ni pati, bodi ile ni alumini, sumaku haishiki hata ikiwa mpya. Itumie kwenye fremu na kwenye bati la mbele ya miguu ya dereva, hapo ni chuma na ndipo kutu inapokula.

Namba ya chasisi isomwe kwa tochi, tarakimu moja moja, mwingine ameshika kadi. Tarakimu zisizokaa mstari mmoja au bati lililosagwa kuzunguka namba, ondokeni.

Malipo yafanyike benki, kwa jina lililo kwenye kadi au la msimamizi wa mirathi, mkataba ukiwa umesainiwa mbele ya wakili na kadi halisi iko mezani. Kishika uchumba hata kama ni elfu hamsini kinatoka baada ya hapa, sio kabla.

## Kama hela imeshaondoka

Usimpigie tapeli kumlaumu, unampa muda. Dakika hiyohiyo piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Kenya kwa M-Pesa fowadi meseji ya muamala kwenda 456. Tanzania namba ya tapeli na meseji yake ripoti kwenda 15040. Afu polisi na zile skrinishoti za hatua ya kwanza, upate RB (namba ya taarifa yako polisi), au OB kwa wa Kenya.

Atakapokupigia mtu mwingine siku mbili baadaye anasema yeye ni wa kitengo cha kurudisha hela na anahitaji ada kidogo ya kufungua faili, huyo ni mwenzake yule wa kwanza. Kata simu, namba yake ipeleke palepale polisi kwenye faili lako.